Kelele za ndege: Familia zinazoishi mlangoni pa Wilson

Matatu ya namba 15 ikitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Otiende hupita uwanja wa michezo wa Nyayo, huacha Nairobi West kushoto na Madaraka kulia, na kabla abiria hajamaliza kuhesabu chenji yake, ua wa uwanja wa ndege wa Wilson umeshaanza. Hata asiyesoma vibao atajua amefika. Ndege yenye propela mbili huvuka juu ya barabara ikiwa chini kiasi cha maandishi yake kusomeka: 5Y, alama ya kila ndege iliyosajiliwa Kenya, halafu herufi tatu zinazoitofautisha na nyingine. Ndani ya gari maneno hukatika. Makanga aliyekuwa akidai nauli hubaki ameinua mkono, ndege hupita, kisha madai huendelea pale yalipoachwa.

Mgeni huinua macho. Wenyeji hawainui. Nairobi West, South C, Otiende, Onyonka na upande wa mashariki wa Kibera, watu wamejifunza kuongea kwa vituo. Mwalimu wa chekechea hunyamaza katikati ya wimbo na watoto humsubiri. Anayeongea na simu husema "ngoja ipite", na aliye upande wa pili, kama naye ni wa mitaa hii, hana haja ya kuuliza ni nini kipite. Mtoto mchanga aliyelazwa saa saba mchana hushtuka, hutawanya mikono, hulia kidogo na kulala tena. Baada ya dakika chache inakuja nyingine.

Mkazi wa hapa akiulizwa kama kelele zinamsumbua, mara nyingi hujibu kwa neno moja: tumezoea. Wengi husema hivyo kwa dhati, na hata wageni wao huambiwa watazoea wakikaa wiki mbili. Lakini kuna tofauti kati ya masikio kuzoea na moyo kuzoea, na tofauti hiyo ndiyo inayoigeuza hadithi ya Wilson kuwa habari ya afya ya familia.

Uwanja huu si wa jana. Historia yake inaanzia mwaka 1929, Florence Kerr Wilson, mjane Mwingereza, alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Nairobi ilikuwa mji mdogo na sehemu kubwa ya upande huu ilikuwa nyika tupu, mpaka wa wanyama na watu. Kwa muda mrefu uwanja uliitwa Nairobi West. Jina la Wilson lilikuja mwaka 1962. South C na mitaa mingi ya Lang'ata ilijengwa baadaye, moja baada ya nyingine, hadi nyumba zikafika uani.

Kwa sababu hiyo, kila malalamiko yanapozuka, kuna anayejibu kwamba ndege zilikuwapo kwanza na aliyejenga karibu alijua anachokifuata. Jibu hilo lina uzito kwa mwenye nyumba ya ghorofa iliyojengwa juzi. Kwa Kibera halina. Wanubi, askari wa Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waliwekwa katika msitu wa Kibra mwanzoni mwa karne ya 20, kabla Wilson Airways haijakuwa hata wazo. Tena mpangaji wa chumba kimoja cha mabati hachagui upande wa upepo. Anachagua kodi anayoimudu na umbali anaoweza kutembea hadi kazini.

Ni vyema pia kusema wazi kwamba Wilson si adui. Asubuhi ndege zake huwabeba watalii kwenda Maasai Mara, Amboseli na Lamu, na nyuma ya kila kiti kuna mshahara wa mpishi, dereva na mfua nguo fulani. Mizigo ya miraa huondokea hapa kukimbizwa Mogadishu ikiwa bado mbichi. Mashirika ya misaada hurukia hapa kwenda Somalia na Sudan Kusini. Na hapa ndipo yalipo makao ya Madaktari Warukao wa AMREF, huduma iliyoasisiwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, ambayo hadi leo huwafuata majeruhi na wajawazito walio mahututi mahali ambapo gari lingechukua siku nzima. Mama wa South C anayeamshwa na ndege hajui kama ndani yake kuna mtalii au kuna mama mwenzake anayevuja damu. Hakuna mwenye busara atakayetaka ndege ya pili inyamazishwe.

Lakini si kila mngurumo una mgonjwa ndani yake. Sehemu kubwa ya sauti inayowachosha wakazi hutoka kwa ndege ndogo za mafunzo. Wilson ina shule kadhaa za urubani, na mwanafunzi hawezi kujifunza kutua kwa kusoma kitabu. Huruka, hugeuka, huzunguka, hushuka hadi magurudumu yaguse lami, kisha huongeza moto na kuruka tena bila kusimama. Mzunguko mmoja huchukua dakika chache tu. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii anaweza kupita juu ya paa lile lile mara kumi kabla ya chakula cha mchana, na nyuma yake kuna mwenzake.

Jiografia nayo haisaidii. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini hupata hewa kidogo, mabawa hushika hewa kidogo, hivyo ndege inayopanda haraka ikiwa Mombasa hupanda kwa kujikokota ikiwa Nairobi, tena jua likiwaka ndiyo kabisa. Matokeo yake ni kwamba inakaa chini, juu ya nyumba, kwa muda mrefu zaidi huku injini ikivuma kwa nguvu zake zote. Kwa kuwa ndege huruka zikielekea upepo, na upepo wa Nairobi hutoka zaidi upande wa mashariki, zile zinazotumia njia ya mashariki hupanda zikiikabili South C, na zinazotua hushukia juu ya Lang'ata. Njia ya pili ina mwisho mmoja unaotazama Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako anayesikia ni twiga. Mwisho wake mwingine unatazama kaskazini magharibi, upande wa hospitali ya Mbagathi na Kibera.

Anga hiyo imejaa. Machi 5, 2024, ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo, zote zikiwa zimetoka Wilson, ziligongana juu ya mbuga. Wawili waliokuwa katika ndege ya mafunzo walifariki. Baada ya ajali hiyo mjadala ulikuwa wa usalama, na ilistahili kuwa hivyo. Kelele hazimuui mtu kwa siku moja, ndiyo maana huwa hazipandi hadi ukurasa wa kwanza.

Zinafanya nini basi? Methali yetu inasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Mlango ni sawa, maana mwenye nyumba anaujua na sauti yake ni ndogo. Ndege ni jambo jingine. Sikio halina kope. Mtu anapolala, macho hufungwa lakini masikio hubaki kazini, na sauti kubwa ya ghafla hupelekwa kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari. Mwili humwaga homoni za tahadhari, mapigo ya moyo huongezeka, mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda. Yote haya yanaweza kutokea bila mtu kuamka. Asubuhi atasema alilala vizuri, na atakuwa anasema ukweli kadiri anavyojua, ila mwili wake ulikuwa ukipanda na kushuka ngazi usiku kucha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwachunguza watu wapatao 4,900 wa umri wa miaka 45 hadi 70 waliokaa karibu na viwanja vikubwa sita vya Ulaya, ukiwemo Heathrow wa London na Schiphol wa Amsterdam. Kila kelele za ndege za usiku zilipoongezeka kwa desibeli 10, uwezekano wa mtu kuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu uliongezeka kwa takriban asilimia 14. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kelele za ndege zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima, na 40 usiku.

Viwanja hivyo ni vya majeti, na usiku mkubwa wa Nairobi ni shida zaidi ya Embakasi na Utawala, jirani na JKIA, ambako ndege kubwa hutua na kuruka saa zote. Lakini katika jiji hili usingizi hauanzi jua linapotua kwa kila mtu. Kibera na Nairobi West wanaishi walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani wanaorudi nyumbani saa moja asubuhi na kulala mchana. Usiku wao ni saa zile zile ambazo mwanafunzi wa urubani anazunguka. Kuna pia watoto wachanga, ambao kwao mchana ni nusu ya usingizi, na wazee ambao tayari wanameza dawa za presha.

Watoto wa shule wana habari yao. Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 hadi 10 katika shule 89 zilizo karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas wa Madrid. Kadiri kelele za ndege zilivyozidi shuleni, ndivyo uwezo wa kusoma na kuelewa ulivyoshuka. Kwa watoto wa Uingereza, ongezeko la desibeli 5 lilikuwa sawa na kubaki nyuma kwa hadi miezi miwili. Mjini Munich, Ujerumani, watafiti walipata nafasi adimu: mwaka 1992 uwanja wa zamani ulifungwa na mwingine kufunguliwa kwingine. Watoto wa jirani ya uwanja uliofungwa walianza kuimarika katika kusoma na kukumbuka, huku wa jirani ya uwanja mpya wakirudi nyuma. Mzazi wa Lang'ata anayehangaika na mwana asiyemakinika ana sababu nyingi za kuzitazama, na hii ni mojawapo.

Sasa, ni nani wa kushtakiwa? Hapo mkazi hupotea njia. Uwanja wenyewe ni wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA). Anga na marubani wanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Zote mbili ni za serikali ya kitaifa. Mkazi akienda kwa mwakilishi wadi wake huambiwa kwamba mambo ya ndege si ya kaunti, na mazungumzo huishia hapo.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na bughudha nyingine kwa umma. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti upangaji wa ardhi, vituo vya afya vya kaunti na shule za chekechea. Gavana hawezi kumwamuru rubani apinde kushoto. Lakini nyumba, zahanati na darasa la chekechea lililo chini ya bawa la ndege hiyo, yote yako mikononi mwa kaunti.

Tena kaunti ya Nairobi inajua kutumia mamlaka hayo ikitaka. Novemba 2022 ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyoko katika mitaa ya makazi, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawalali. Kelele za spika zilikuwa na mwenye kibali wa kuitwa ofisini. Kelele za juu hazina mtu wa kumkamata shati, na labda ndiyo sababu hazijawahi kupata ari ya namna hiyo.

Tazama jinsi nyumba inavyoidhinishwa. Anayejenga ghorofa South C au Nairobi West anahitaji ramani ipitishwe na kaunti, na kwa kuwa yuko karibu na uwanja, anahitaji pia barua ya KCAA. Barua hiyo inahusu urefu wa jengo, lisije likawa kikwazo kwa ndege. Ni jambo la maana. Lakini hilo ni kuilinda ndege dhidi ya jengo. Kumlinda anayelala ndani ya jengo dhidi ya ndege ni kazi ya ile ramani ya kwanza, ya kaunti: dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi, dari ni ya nini, ukuta una unene gani, je, hapa panafaa chekechea au panafaa bohari?

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambalo ofisi yake ya kanda hii iko hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilikubaliana tangu 2001 kwamba kelele hupunguzwa kwa njia nne zikienda pamoja: ndege zenye injini tulivu, mpango mzuri wa ardhi kuzunguka viwanja, njia za kuruka zisizosumbua, na mwisho kabisa, vikwazo vya saa. Tatu kati ya hizo ni za watu wa anga. Ya ardhi ni ya serikali za mitaa, na hakuna rubani anayeweza kuifanya kwa niaba yao.

Upo pia mizani wa kupimia. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA), zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, mchana ukihesabiwa kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa mbili jioni. Kinachopimwa ni wastani wa saa hizo 14, na mtu anaweza kudhani wastani utaimeza ndege inayopita kwa nusu dakika. Hesabu inasema vingine. Chukua ndege ndogo inayofikisha desibeli 70 juu ya paa kwa sekunde 30. Kumi na saba za namna hiyo katika mchana mzima zinatosha kufikisha wastani wa 50, hata kama mtaa wote uko kimya kama makaburi. Wanafunzi wawili wa urubani wanaweza kuimaliza idadi hiyo kabla ya saa tano asubuhi.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza kwa kaunti yoyote ni kupima, na kupima si ghali. Vipima sauti vichache vilivyofungwa juu ya paa la zahanati, la chekechea na la hospitali ya Mbagathi, ambayo ni ya kaunti yenyewe, vikiachwa vikisoma mwaka mzima, vingeipa kaunti kitu cha kuweka mezani mbele ya KAA na KCAA. Bila hivyo, kikao huwa ni malalamiko upande mmoja na ratiba za ndege upande mwingine, na ratiba hushinda.

Kwingineko, serikali za mitaa zimefika mbali zaidi. Mji wa Santa Monica, California, una uwanja wa ndege ndogo uliozingirwa na nyumba kama Wilson. Mji huo uliweka kikomo cha sauti kwa kila ndege inayopita, ukafunga vipima sauti, ukatoza faini wanaokizidi na kukataza ndege kuruka kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Baada ya miaka mingi ya kesi na serikali kuu ya Marekani, mwaka 2017 zilifikia mapatano: njia ya kurukia ifupishwe ili majeti mengi yasiweze kuitumia, na mji uruhusiwe kuufunga uwanja baada ya Desemba 31, 2028. Santa Monica ilikuwa na bahati moja ambayo Nairobi haina, kwamba uwanja ni mali ya mji. Hata hivyo, vipima sauti vyake havikuhitaji hatimiliki ya uwanja.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Nairobi ni Hounslow, magharibi mwa London. Baraza la Hounslow halimiliki Heathrow wala halina sauti juu ya anga yake, na ndege hushuka juu ya shule zake mfululizo. Katika shule moja ya watoto wadogo yalijengwa mabanda ya mviringo kwa mifuko iliyojazwa udongo, yakapigwa lipu, mfano wa vichuguu vikubwa uwanjani. Watoto wanapocheza nje na ndege ikaja, mwalimu huwaingiza humo na somo linaendelea. Kuta nene za udongo zinafanya kazi ambayo kioo chembamba hakiwezi. Mtu wa Kibera akiyaona hatashangaa. Nyumba ya udongo ya bibi yake kijijini ilikuwa tulivu hivyo hivyo, na mvua ikinyesha juu ya makuti au nyasi watu waliendelea kuongea. Mabati ndiyo yaliyotuletea ngoma.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia kwa kaunti ni majengo yake yenyewe. Darasa la chekechea lenye paa la mabati bila dari ni kipaza sauti. Dari ya mbao zilizobanwa, ikiwa na kitu kizito au laini juu yake, hupunguza sauti sana kwa gharama ambayo bajeti ya wadi inaimudu. Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina matundu ya hewa juu ya dirisha yasiyofungika. Familia hununua mapazia mazito, hufunga madirisha, kisha sauti yote huingilia pale juu. Tundu lenye kona ndani yake, linalopitisha hewa lakini si sauti moja kwa moja, ni kazi ya fundi wa kawaida. Yasizibwe kabisa, hasa kwa wanaopikia jiko la makaa ndani, maana moshi wake huua haraka kuliko kelele.

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta, kuna machache ya kufanya leo. Kitanda cha mtoto na cha anayelala mchana kihamishiwe chumba kisichotazama uwanja, na kabati la nguo lisimamishwe kwenye ukuta unaoutazama. Upenyo chini ya mlango uzibwe kwa kitambaa kilichokunjwa. Mwenye miaka zaidi ya 40 anayeishi chini ya njia ya ndege apimwe presha mara kwa mara, kwa sababu presha haipigi hodi. Vizibo vya masikio humsaidia mlinzi anayelala mchana, lakini haviwekwi kwenye masikio ya mtoto mchanga.

Na kuna daftari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha: tarehe, saa, herufi za ubavuni zikisomeka, ndege ilielekea wapi, ilipita mara ngapi, mtoto aliamka au hakuamka. Simu nyingi sasa zina programu ya kupima desibeli. Haitakubaliwa mahakamani kama kipimo cha mtaalamu, lakini inaonyesha ipi ni ndege ya 60 na ipi ni ya 80. Wiki nne za daftari kutoka nyumba ishirini za mtaa mmoja zitaonyesha jambo ambalo mkazi mmoja hawezi kulionyesha: ni saa zipi, ni ndege za aina gani, ni mzunguko upi. Mara nyingi suluhisho hukaa hapo. Haitakuwa kuifunga Wilson, bali mafunzo yasianze kabla ya saa fulani, yasifanywe Jumapili asubuhi, au yagawanywe na viwanja vya nje ya jiji.

Daftari hilo lina mahali pa kwenda. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Kesi ni ndefu na ina gharama. Kabla yake, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, na kelele zimo. Ombi la South C peke yake litasomwa kama malalamiko ya wenye magari. Likija pamoja na Otiende na Kibera, yakiwemo majina ya walimu wa chekechea na wauguzi wa zahanati, litasomwa vingine. Liandikwe, litiwe sahihi na wote, liambatanishwe na nakala za madaftari, na lipelekwe kwa Karani wa Bunge la Kaunti, City Hall. Anayelipeleka ahakikishe nakala yake imegongwa muhuri wa siku ilipopokelewa, na arudi nayo nyumbani.